Daftari la Neno Moja

Siku ile tulikuwa sita nyumbani, kijijini Wamagana: mimi niliye kifungua mimba, dada yangu mdogo anayenifuata, aliyekuwa darasa la saba, pacha wetu wawili, wasichana wa darasa la pili, shangazi, dada yake marehemu baba, na mwalimu wa Kiingereza wa dada yangu, mama mmoja kutoka upande wa Busia ambaye hakuwa amewahi kupanda kilima chetu. Makaburi ya baba na mama yako kando ya zizi. Mwalimu alipoyapita alishusha sauti.

Alikuja na daftari. Alikuwa amewapa wanafunzi kazi: chagua kitenzi kimoja cha Kiingereza, cha kawaida kabisa, ukusanye matumizi yake yote utakayokuta nyumbani na njiani. Dada yangu alichagua 'keep'. Wenzake walileta sentensi tano au sita. Yeye alijaza kurasa nne.

Niliijua kazi hiyo, kwa sababu nilimwona akiifanya. Wiki mbili alikuwa akisoma kila kitu kilichoandikwa. Kwenye chupa ya dawa ya kupe alikuta 'keep' ya kuweka mbali na watoto. Kwenye gunia la mbolea, ya kuhifadhi mahali pakavu. Kwenye kibao cha barabara ya Nyeri mjini, ya kushika upande wa kushoto. Karani anayepima majani chai yetu kituoni alipotukaripia kwa kuchelewa, dada akaandika na hiyo ya kufika kwa saa. Kufuga kuku, kutunza siri, kutimiza ahadi, kuendelea kutembea, zote zilikuwa 'keep'.

"Wazungu mbona walibania maneno hivi," aliniuliza, "na sisi tuko na mengi?"

Nilicheka tu. Niliacha shule kidato cha kwanza, wiki tuliyomzika mama, na Kiingereza changu kilibaki pale pale nilipokiacha.

Mwalimu alifungua ukurasa wa mwisho. "Hapa ameandika sentensi, lakini upande wa Kiswahili ameacha wazi. Nikamuuliza mbona. Akasema hajapata neno."

Sentensi ilikuwa fupi: 'My brother kept us.' Alikuwa akisema habari ya baada ya mazishi ya mzazi wetu wa pili, jamaa walipotaka kutugawana, kila nyumba mtoto wake, nami nikakataa. Nikasema tutakaa wote wanne, na tukakaa.

"Nimehamishwa," mwalimu akasema. "Muhula ujao nafundisha Nyeri mjini. Niko na binti wa rika lake. Nipe huyu mtoto akae kwangu asome. Likizo atakuwa anarudi."

"Ati akae kwako?" shangazi akauliza. "Na kwenu hatukujui!"

"Kwetu ni mbali, mama, lakini ugali tunapika."

"Ule wenu mgumu wa kuvunja meno!"

Wakacheka wote wawili. Pacha mmoja akasema, "Atarudi akiongea kwa pua!" Mwenzake akawahi, "Mimi nachukua kitanda chake!"

Kisha shangazi akanigeukia. "Wewe ndiye baba. Sema."

Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo shangazi, tangu nizaliwe, ameniita baba, maana nina jina la baba yake. Nikiwa mdogo lilikuwa jambo la kufurahisha, mama mtu mzima ananisalimu baba na kunipa kipande cha nyama cha mkubwa. Baba mwenyewe alipokufa, nikaanza kuliamini jina lile. Siku ile ya mwalimu nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilidhani ukiitwa hivyo unajua.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, kikapu cha chai bado kiko mgongoni. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Nilishakataa tutawanywe," nikasema. "Haendi."

Mwalimu akamgeukia yeye. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Baba amesema."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Siku zote aliniita kwa jina langu. Akageuka, akarudi shambani na kikapu chake. Mwalimu alimaliza chai, akashukuru, akaliacha daftari mezani.

Muhula uliofuata mvua ilinyesha vizuri, majani yakachipuka kwa wingi, na asubuhi nyingi dada yangu alikuwa kwenye chai badala ya darasani. Mtihani wa darasa la nane haukumpeleka mbali. Leo yuko Wang'uru, anapakia mchele kwenye mashine ya kukoboa. Pacha wako sekondari, na kila Krismasi dada anatuletea mchele, anacheka, anawauliza Kiingereza chao kimefika wapi.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Amepata darasa la watu wazima, la jioni.

"Lile daftari langu liko?"

"Liko."

"Niletee Jumamosi. Nataka kuanzia pale."

Nimelitoa sandukuni, nimelifunga kwa karatasi ya unga. Ile nafasi bado iko wazi.

Miaka yote hii nimemwambia nilikataa ili tusitawanyike, naye amewaambia wengine hivyo hivyo, kwa fahari. Hiyo ni nusu tu. Jana yake, kabla mwalimu hajafika, nilikuwa nimesimama juu ya shamba nikiona majani yanakomaa. Majani yakikomaa yanakataliwa kwenye kituo cha kununulia chai, na sikuwa na mtu mwingine wa kuchuma haraka kama yeye. Shangazi aliponiambia niseme, niliiona kwanza mikono ya dada yangu.

Daftari nitampa Jumamosi. Ile nusu nyingine nimejaribu kuisema kwa simu mara mbili, nikaishia kuuliza bei ya mchele. Bado ananidai, na hajui kwamba ananidai.