Mwanamke wa Kona ya Kabigambo

Turubai lililolowa mvua lina harufu yake. Nikiinusa popote, hata sokoni Bukoba ambako wachuuzi hufunika dagaa wao, najikuta nimekaa nyuma ya gari la baba, magoti yangu yakigusana na ya kaka yangu Mugisha, katikati ya mikungu ya ndizi tuliyopewa na bibi. Lilikuwa gari dogo la mizigo, kuukuu, ambalo zamani lilikuwa la buluu. Baba alikuwa fundi redio. Alilipata kwa mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliyechoka kulisukuma, akalihangaikia mwenyewe uani kwetu Buhembe mpaka likakubali kuwaka. Mwaka ule, mvua za vuli zikiwa zimeshika na watoto wote wa mtaani tukikesha kuombea senene washuke, tukawa watu wenye gari, na Jumapili zetu hazikuwa tena za kushinda nyumbani.

Tulisali misa ya kwanza, kisha baba na mama wanaingia mbele, mimi na Mugisha nyuma chini ya turubai, safari ya Kamachumu kwa bibi mzaa baba. Tulipita Kemondo tukiwa na ziwa upande wa kushoto, tukafika Muhutwe, halafu gari lilianza kulalamika kwenye barabara ya udongo inayopanda mlima. Kule juu hewa ilibadilika, ikawa baridi na yenye harufu ya nyasi za rweya, zile mbuga zisizolimwa ambako ng'ombe hulishwa. Kabla ya kufika tambarare baba alisimamisha gari mahali palipo wazi, akatushusha. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, na vibanja vya migomba vilijipanga mpaka majini. Baba alikuwa na tabia ya kunyoosha kidole kwenye kisiwa cha mbali kabisa na kusema kile ni Goziba, ingawa leo sidhani kama Goziba huonekana kutoka pale. Tulikula mahindi ya kuchemsha tukiwa tumesimama. Ni mama peke yake aliyekataa kushuka. Alikaa garini, kioo amekipandisha, kwa sababu mbele kidogo tu ilikuwa Kona ya Kabigambo.

Kabigambo kwa Kihaya ni kama kusema mahali pa maneno. Barabara pale ilijikunja ghafla, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde lenye vichaka ambalo hakuna aliyelima. Watu walisema kuna mwanamke aliyeanguka huko enzi za mababu, na kwamba siku za ukungu huita wapita njia. Huita kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeomba msaada. Ukimwitikia, hufiki kwako. Kwa hiyo madereva walipiga honi walipokaribia na kurusha buni za kahawa dirishani, zile za kutafuna, kama mgeni anavyokaribishwa nyumbani kwa Mhaya, halafu wakapita bila kugeuka. Baba alicheka mambo hayo. Lakini honi alipiga. "Honi haina gharama," alisema, na mama akarusha buni.

Jumapili ninayoikumbuka tulichelewa kidogo kuondoka kwa bibi, kwani alitulazimisha kula. Ilikuwa saa za mchana bado, ila ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka bondeni na kulala barabarani mzito kama moshi wa majani mabichi. Baba aliendesha polepole, taa zimewashwa. Alipiga honi. Buni zikagonga nyasi. Ndipo nilipomsikia. Watu wa mbele walikuwa na mngurumo wa injini, lakini sisi wa nyuma tulikuwa na turubai tu, na sauti ilitufikia vizuri, ya mwanamke, ikitoka chini upande wa bonde: "Jamani! Nisaidieni!"

Mugisha aliniziba mdomo. Nilimuuma kiganja, nikaanza kugonga bati la gari kwa ngumi. Baba akasimama. Akashuka akidhani tumeumia, na nilipomwambia, "Tata, kuna mtu anaita," sauti ikaita tena, akaisikia mwenyewe. Sijasahau sura yake. Mama alikuwa ameshafungua mlango, si kwa kushuka, bali kumvuta mkono.

"Ingia ndani twende," alisema. "Una watoto, Rwegasira. Usiitike."

"Na kama ni mtu?"

"Kama ni mtu Mungu atamletea mwingine."

Baba alisimama pale akitazama ukungu. Kisha akatoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mama, akaenda ukingoni na kuitika kwa nguvu, "Naam! Nani?" Mama akajifunika uso kwa kanga.

Tulisikia maji yakichuruzika mahali fulani. Halafu ile sauti ikauliza, kwa woga uliozidi wetu, "Ninyi ni watu?"

Sikuelewa wakati ule. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba na yeye alikuwa mwenyeji wa huku, hadithi ya Kabigambo aliijua tangu utoto, na sauti zinazotoka kwenye ukungu zilimtisha vilevile. Mama alilifahamu hilo palepale. Alishuka garini, akasogea mpaka alipo baba, akasema kwa sauti ile aliyotumia tulipougua, "Ni watu, mwanangu. Mimi ni mama, nina watoto wangu hapa. Wewe ni nani?"

Aliitwa Advera. Alikuwa mshonaji Kemondo. Alikuja kumwona baba yake mgonjwa, akawa anateremka kwa miguu kuwahi gari Muhutwe, na ukingo wa barabara uliolainishwa na mvua ukakatika chini yake. Mguu haukusogea, alisema, na tumboni alihisi moto. Baba alifunga kamba ya mizigo kwenye bampa, akashuka nayo. Kamba iliisha kabla ya mteremko kuisha. Aliiachia, akajaribu kushuka kwa kushika nyasi, udongo ukamtupa, na kichaka ndicho kilichomwokoa. Alipopanda tena, mikono yake ilikuwa imechunika na suruali imejaa tope. Alitutazama, akatazama gari, akamwambia mama kwamba ataenda kutafuta wanaume na kamba ndefu, na sisi tubaki tuzungumze naye, asijione peke yake. Mama hakubisha. Gari likamezwa na ukungu, tukabaki watatu.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa wachache, na tulichokuwa nacho ni maneno tu. Advera aliomba maji. Mugisha alirusha chupa yetu, tukaisikia ikibingirika, ikampita, ikaendelea kubingirika. "Imepita," alisema, kama mtu anayetufariji. Alituuliza kama tunamwona. Mama akasema hapana, ukungu. Advera akatuambia kwamba mezani kwake kuna gauni la komunyo la mtoto wa jirani, limebaki pindo, na mwenye gauni asije akadhani amedhulumiwa. Mama akamjibu, "Utamalizia mwenyewe, na mimi nitakuja nikushike mkasi." Nilimwamini mama kabisa.

Kisha tukasikia lori. Tulikimbilia katikati ya barabara, mama akipunga kanga, mimi na Mugisha tukipiga kelele. Lilitokea kwenye ukungu ghafla, honi ikilia mfululizo, na badala ya kupunguza mwendo likaongeza. Tuliruka kando. Buni zikanyesha kutoka dirishani, nyingine zikanipiga shavuni. Nilimwona dereva kwa kufumba na kufumbua: amekaza macho mbele, midomo inatembea. Alikuwa anasali. Likaja gari jingine, abiria wamejaa, na wanawake ndani yake wakapiga mayowe walipotuona. Hilo nalo halikusimama. Mama alibaki ameinua mikono. Akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu, "Maawe, wanatuogopa sisi." Ilikuwa kweli. Mwanamke na watoto wawili kwenye ukungu wa Kabigambo, wakiita. Nani angesimama? Mama mwenyewe, saa chache zilizopita, asingesimama.

Sauti ya Advera ilianza kupungua. Alikuwa akikata sentensi katikati, anasahau alichotaka kusema. Mama alitoa rozari, akapiga magoti kwenye tope la ukingoni, akaanza Salamu Maria kwa sauti ya kusikika mbali. Alisali nusu ya kwanza, na kutoka chini Advera akajibu nusu ya pili. Hivyo hivyo, mmoja juu, mmoja chini, bila kuonana. Mimi nilishika gauni la mama na kuhesabu pumzi kati ya sala yake na jibu, kwani kila mara jibu lilichelewa zaidi. Ikafika Salamu moja ambayo mama alimaliza sehemu yake, akanyamaza, akangoja. Alirudia. Akangoja tena. Mugisha akajibu badala yake, akilia, na mama akaendelea kama kwamba hakuna kilichobadilika. Tulikuwa bado tunasali hivyo baba alipofika.

Alikuja na wanaume wanne na katekista mmoja, nao walikuja kwa sababu ya katekista tu. Nyumba alizopita kabla ya hapo zilimfungia milango alipotaja jina la kona. Mzee mmoja alimwambia kupitia dirishani, "Umeshamwitikia, Ta Rwegasira? Basi usikae mlangoni kwangu." Walishuka kwa kamba ndefu, wakampandisha Advera akiwa amefungwa kwenye turubai letu. Alikuwa mwembamba, kijana kuliko nilivyodhani, na kwenye kola yake bado kulikuwa na sindano iliyochomekwa, yenye uzi mweupe. Wakati wanamlaza garini ukungu ukafunguka, bila haraka, na ziwa likatokea chini likiwaka jua la jioni, na visiwa vyote. Lilikuwa zuri mno. Nilichukia uzuri ule, na hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini ulingoja mpaka saa ile.

Msiba ukishapita, maneno hubaki. Watu wa kwao Advera walitushukuru, lakini pembeni wengine walisema tulizungumza na mfu, kwamba Advera alikufa palepale alipoanguka na kilichotujibu rozari ni kile kitu cha siku zote. Mama alikwenda Kemondo kushona lile pindo, akakuta mwenye gauni ameshalichukua, na hakutaka liguswe na mtu mwingine. Bibi alituogesha kwa maji ya majani na kumlaumu baba kwa kuitika. Tuliendelea kumtembelea bibi, ila kwa gari la abiria, maana gari letu lilikaa uani likiota kutu mpaka kuku wakatagia ndani. Miaka mingi baadaye, baba alipokuwa mgonjwa, nilimuuliza kama angetaka kwenda tena kuliangalia ziwa kutoka juu. Akasema, "Kamba ilikuwa fupi, Koku."

Siku hizi kuna njia nzuri. Mwaka jana niliwapeleka wanangu kwa gari langu, tukafika juu kabla sijamaliza kuwaeleza tunakokwenda. Mtandao unashika vizuri. Mwisho wa wiki vijana wa Bukoba hupanda pale kwa pikipiki na magari ya kukodi, wanapiga picha, wanachoma nyama, muziki juu. Tuliwakuta kundi moja wamekaa kwenye kingo za zege, na msichana mmoja aliyevaa miwani ya jua alikuwa akiwasimulia wenzake habari za mwanamke wa Kabigambo, jinsi anavyosimama barabarani na watoto wake wawili siku za ukungu, akipunga kanga.

Niliwasogelea, nikawasalimia, wakaniamkia vizuri. Nikawaambia wale watatu walikuwa mama yangu, kaka yangu na mimi. Nikawaeleza yote, kwamba hapakuwa na mzimu, palikuwa na mshonaji wa Kemondo aliyeitwa Advera, aliyekuwa na baba mgonjwa na gauni lisilomalizika, na kwamba alikufa akisali kwa sababu watu walimwogopa. Walinisikiliza kwa utulivu mkubwa. Msichana alivua miwani. Nilipomaliza, mmoja wao alitetemeka mabega, akajikumbatia.

"Kwa hiyo anaitwa Advera," alisema kwa sauti ya chini.

Nikamwambia hapana, hakunielewa, namaanisha alikuwa mtu. Akaitikia kwa adabu, "Ndiyo, mama, nimeelewa." Tulipokuwa tunaondoka niliwaona kwenye kioo cha gari. Walikuwa wamesimama ukingoni wote, simu zimeinuliwa kuelekea bondeni, na walikuwa wakiita kwa pamoja jina lake, kisha wananyamaza kusikiliza.