Niliunganisha printer moja kwa Windows, Mac na Ubuntu shuleni Mikumi, mvua ikaniumbua

Wakuu, nawasalimu wote, mlioko mjini na sisi wa pembeni.

Huu uzi ni wa kuungama zaidi kuliko kujisifu. Nitaeleza kama ilivyokuwa. Chumvi siongezi, maana aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia, sekondari moja hapa Mikumi. Nyumbani ni Kilosa mjini. Pia mimi ndiye "mtaalamu wa kompyuta" wa shule, cheo ambacho hakuna aliyenipa. Kilianza siku nilipochomoa karatasi iliyokwama kwenye photocopy. Mlioajiriwa mnajua inavyokuwa, ukigusa mara moja tu basi, imeshakuwa kazi yako.

Shule yetu ina printer moja. Laser, nzito, ya waya tu, Wi-Fi haina. Iko ofisini kwa katibu muhtasi wetu, ambaye hapa nitamwita Mama Zuhura.

Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi: mwalimu anatunga mtihani kwenye laptop yake, anauweka kwenye flash, anampelekea Mama Zuhura, yeye anaprint na kumrudishia flash yake.

Mwaka jana mtihani wa Hesabu wa kidato cha nne ukavuja. Wanafunzi walikuwa na maswali siku mbili kabla.

Hakuna aliyekamatwa. Ila minong'ono yote ikaelekea kwa Mama Zuhura, kwa sababu flash zote zilipita mkononi mwake. Usoni hakuna aliyemwambia kitu. Walimu walianza tu kusimama nyuma ya kiti chake anapoprint, wakimkodolea macho.

Mama wa watu amebakiza muda mfupi astaafu. Alianza kazi pale mimi nikiwa bado shule ya msingi nakojoa kitandani.

Sasa mwanzoni mwa mwaka huu nimeingia kumsalimia kama kawaida. Shikamoo Mama, marahaba mwanangu. Akaniambia nirudishie mlango.

"Mwalimu, hivi hakuna namna kila mtu akaprint mwenyewe akiwa kwake huko, mimi nisishike flash ya mtu?"

"Ipo, Mama."

"Basi nifanyie. Nataka nitoke hapa na jina langu."

Wakuu, ile sentensi iliniingia. Siku hiyo hiyo nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule nikaanza kazi.

Store kulikuwa na kompyuta ya mezani ya zamani. Windows yake ilikuwa inawaka kwa muda ambao ungeweza kusonga ugali na kuula. Nikaifuta yote, nikaweka Linux, mfumo wa bure unaofanya kazi ya Windows, juu yake nikaweka CUPS. Kwa wasioijua, hii ni programu inayopokea kazi za kuprint kutoka kompyuta nyingine, inazipanga foleni, inaipelekea printer moja moja. Printer nikaichomeka pale kwa USB, na kompyuta nikaiunganisha na router kwa waya.

Hiyo ndiyo print server wakuu. Mliokuwa mnadhani server lazima ikae kwenye chumba chenye AC, poleni.

Kazi ikabaki kwenye laptop za walimu. Wengi wana Windows. Madam Neema wa Kiingereza ana Mac aliyoachiwa na kaka yake. Mwalimu Shabani wa Jiografia ana laptop ya mradi fulani, ilikuja na Ubuntu, ambayo nayo ni Linux, na hajawahi kuibadilisha.

Nilijua Mac ndiyo itanitoa jasho. Thubutu! Madam Neema alibonyeza kuongeza printer, ikajitokeza yenyewe na jina lake. Ubuntu ya Shabani vilevile.

Windows ndizo zikajifanya hazioni kitu. Nikaona isiwe tabu. Nikaziandikia anwani kwa mkono: namba ya server kwenye mtandao wetu, mlango (port) wa 631 ambao CUPS inapokelea kazi, jina la printer. Nikachagua driver, ile programu ya kuiendesha printer, zikakubali moja baada ya nyingine.

Karatasi ya kwanza ilitumwa na mwalimu wa taaluma akiwa staffroom, ng'ambo ya uwanja. Mama Zuhura alikaa mikono mapajani, hakugusa chochote, anaitazama tu printer inavyonguruma.

"Imekuja yenyewe!" Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ule mtihani uvuje. Nami nikajiona jembe kwelikweli.

Wiki haikuisha.

Mwalimu wa taaluma akanifuata darasani, katikati ya kipindi. "Mtaalamu, dude lako limekufa."

Nikaenda. Madam Neema anaprint vizuri. Shabani anaprint vizuri. Windows zote zimegoma.

Nikafuta printer kwenye zile laptop, nikaenda kutazama namba kwenye kioo cha server, nikaiandika upya. Zikakubali. Walimu wakaniuliza tatizo ni nini, nikasema ni mambo ya update. Wakuu, tusidanganyane, sote tumewahi kusingizia update.

Siku chache mbele, tena. Nikarudia yaleyale, zikakubali.

Zilipogoma mara ya tatu nikawa siwezi kulala bila kuliwaza. Kwa nini Windows tu? Kwa nini Mac na Ubuntu hata siku moja hazijalalamika? Kuna waya unapita juu ya bati kupeleka mtandao staffroom, na ngedere wa hapa Mikumi mnawajua, hawawezi kuona kitu kinaning'inia wakakiacha. Nikatafuta ngazi, nikapanda na tai yangu shingoni, wanafunzi wananiangalia. Waya mzima kabisa.

Na ningetuliza akili kidogo nisingepanda. Waya ungekatika, Mac nayo ingekosa. Basi tu.

Wakati mimi niko juu ya bati, huku chini kulikuwa na maneno mengine.

Hapa niwaeleze kitu. Miaka ya nyuma radi ilituunguzia photocopy. Tangu hapo mkuu wa shule akatoa agizo: wingu likisimama upande wa mbugani, ofisi inachomoa kila kitu ukutani. Mama Zuhura ndiye mtekelezaji, na anatekeleza haswa. Anachomoa printer, kompyuta, router, hadi birika la chai. Mvua ikipita anachomeka tena. Na kila mara anaandika kwenye daftari lake la matukio, kwa sababu aliagizwa aandike.

Mwalimu wa taaluma akaliona hilo la kuchomoa, akalipa tafsiri yake. Akasema staffroom, mbele za watu: "Huyu mama anatuchomolea makusudi. Anataka flash zirudi kwake."

Nilipoyasikia nilikasirika mno. Lakini sikumtetea, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mkuu wa shule akaniita. Mock, yaani mitihani ya majaribio, ilikuwa inaanza Jumatatu. Akasema hana ubaya na mimi, ila ikifika Ijumaa mambo hayajakaa sawa, mitihani yote inapita kwa flash kama zamani.

Alhamisi nikaingia ofisini kwa Mama Zuhura. Chai yake ilikuwa mezani, imepoa, imeshafanya utando. Habari alikuwa nayo tayari.

"Nirudi kushika flash, mwalimu? Na ukivuja tena je?"

Nikakaa kwenye server ili nizirudishe zile Windows hewani, nikipata muda nifikirie. Mimi nina tabia ya kusoma kwa sauti ninachokiona. Nikasoma namba mpaka mwisho: "...moja, nukta, mia na tano."

"Hiyo siyo ya juzi," akasema Mama Zuhura.

"Siyo ya juzi vipi?"

Akavuta daftari lake, akalowesha kidole, akafunua. "Juzi ulisema mia na mbili. Siku ya kwanza kabisa ulisema mia."

Nikageuza kiti.

"Mama, ulikuwa unaandika?"

"Si ulikuwa unasema? Mimi kinachosemwa humu ndani nakiandika. Nimeshajifunza."

Nikaomba nilione. Mwandiko wake umenyooka kama wa kwenye kitabu cha darasa la kwanza. *Mwalimu amesema mia.* Chini yake: *Wingu. Nimechomoa saa nane. Nimechomeka saa tisa na nusu.* Chini yake tena: *Mwalimu amekuja kutengeneza. Amesema mia na nne.* Kisha wingu jingine, na: *Mwalimu amekuja tena. Amesema mia na mbili.* Halafu: *Wingu. Nimechomoa saa saba.* Na leo hii, mia na tano.

Aisee! Kila wingu, namba mpya.

Ngoja niieleze taratibu kwa asiye wa fani. Router ndiyo inayogawa namba kwa kila kifaa kinachojiunga na mtandao. Hii yetu ya bei rahisi ukiichomoa inasahau kila kitu. Ukiichomeka inaanza kugawa upya, anayewahi ndiye anayepewa. Simu za walimu zinawahi sekunde hiyohiyo. Server yetu ni mzee, inaamka polepole, inakuta namba yake imeshakaliwa, inapewa nyingine.

Mac na Ubuntu hazikujali, kwa sababu zinaitafuta server kwa jina. Jina halibadiliki. Windows mimi mwenyewe ndiye niliyezipa namba, basi zinakwenda kubisha hodi nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Na mimi kila nikija nilikuwa naitazama namba mpya, naiandika, naondoka. Mara zote hizo sikujiuliza kama ni ileile. Mtu wa Fizikia! Ninayewakata wanafunzi maksi kwa kutoandika vipimo kwenye jedwali!

Kwa udadisi nikafungua ukurasa wa router nione nani sasa anakalia mia na mbili, ile namba ambayo Windows zote zilikuwa zinaipelekea kazi.

Ilikuwa simu ya mwalimu wa taaluma.

Yaani mitihani yake ilikuwa inabisha hodi kwenye simu iliyo mfukoni mwake, simu inakataa, halafu yeye anamtuhumu mama wa watu. Nilicheka peke yangu mpaka Mama Zuhura akaniuliza kama niko salama. Nilipomweleza, yeye hakucheka.

Dawa yake haikuchukua hata kipindi kimoja. Nikaingia kwenye router nikaitengea server namba ya kudumu, hata izimwe mara mia hiyo namba hapewi mwingine. Nikaiwekea server mpangilio wa kujiwasha umeme ukirudi. Nikamwonyesha Mama kuizima kwanza kwa kitufe, asubiri taa ife, ndipo achomoe. Akaandika na hilo. Kisha nikazipa Windows namba kwa mara ya mwisho.

Ijumaa nikamwomba mkuu wa shule aje aone, na mwalimu wa taaluma pia. Wingu halikuwepo, jua lilikuwa kali. Nikasema, "Mama, chomoa kama wingu limesimama."

Akazima kwa kitufe. Akasubiri taa. Akachomoa kimoja kimoja mpaka birika, akasimama pembeni na mikono nyuma. Tukakaa. Akachomeka.

Tukamngoja yule mzee aamke. Kisha Madam Neema akatuma, ikatoka. Shabani akatuma, ikatoka. Mkuu akamwambia mwalimu wa taaluma, "Haya, na wewe tuma." Akatuma kutoka laptop yake ya Windows. Printer ikanyamaza kidogo, halafu ikanguruma. Ikatoka.

Nikasema mbele yao wote: "Mkuu, kosa lilikuwa langu. Niliziandikia laptop namba bila kuifunga kwenye router. Mama alikuwa anafanya ulichomwagiza." Mkuu akaitikia kwa kichwa. Mwalimu wa taaluma akasema "sawa, tumeelewa", akawa bize na simu yake. Ileile simu.

Mock imepita. Kila karatasi iliyotoka iko kwenye orodha ya CUPS, jina la aliyetuma na saa aliyotuma. Hakuna kilichovuja.

Nilichojifunza kwa upande wa ufundi: kabla hujamwandikia mtu namba ya server, ifunge kwanza kwenye router. Ukija kutengeneza kitu, andika ulichokikuta kabla hujaandika ulichokiweka. Na muulize anayekaa na mashine kutwa nzima. Mimi nilipanda bati kabla ya kumuuliza aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu.

Ila sijaandika uzi wote huu kwa ajili ya router.

Siku mock ilipoisha Mama Zuhura aliniita. Daftari lilikuwa wazi mezani, kalamu juu yake.

"Andika," akasema. "Ulichosema siku ile mbele ya mkuu. Maneno yanapotea."

Nikaandika: *Printer iligoma kwa kosa langu la kutofunga namba. Mama Zuhura alifuata agizo.* Nikaweka jina, nikaweka sahihi.

Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akaupulizia wino. Kisha akafunua kurasa nyingi nyuma, mpaka kwenye ukurasa wa mwaka jana, wa mtihani wa Hesabu. Alikuwa ameandika siku na saa alizopokea ile flash na saa aliyoirudisha. Chini ameacha nafasi tupu, kama mistari mitano hivi.

"Na hii, mwalimu, nani ataniandikia?"

Nilisimama pale na kalamu mkononi. Niliirudisha mezani nikaaga.

Wakuu, ya router najua, msinirekebishe sana. Karibuni mchangie hasa kwenye hilo la mwisho. Anastaafu muda si mrefu, na ile nafasi bado iko tupu.