Sabini kwa Sabini

Niseme mapema kwamba mimi ni mwalimu wa hisabati, ili msomaji ajue tangu mwanzo aibu hii ina ukubwa gani.

Nilitoka chuo cha ualimu na alama nzuri kuliko wenzangu wote wa kwetu, nikapangiwa shule ya msingi huko Susuni, nikapewa darasa la sita na nyumba ya vyumba viwili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na rula ya mbao ya mita moja ambayo nilitembea nayo hata siku zisizo za kazi. Mama, aliyekuwa akiishi Matongo na wadogo zangu wawili, aliacha kuniita jina langu. Aliniita mwalimu, hata akinituma maji.

Ilikuwa miaka ya dhahabu. Matongo ilijaa watu wa kila kabila, na kila aliyekuwa na sururu alikuwa tajiri wa kesho. Mashimo yao waliyaita maduara. Katika yote niliyoyachungulia sikuona hata moja la mviringo, na jambo hilo nililieleza kwa kila aliyekubali kunisikiliza na kwa wengi ambao hawakukubali.

Maduara hayo yalikuwa yamesogea hadi kwenye mpaka wa shamba la mama. Mbuzi wa jirani alikuwa amekwisha kutumbukia, na mama aliogopa kwamba safari nyingine angekuwa mmoja wa wadogo zangu. Ndipo mdogo wake marehemu baba, ambaye naye alikuwa ameshikwa na homa ya kuchimba, akaja na neno lake. Alikuwa na shamba Susuni, mwendo mfupi tu kutoka shuleni kwangu. Wabadilishane. Mama alime kule karibu na mwanawe, yeye achimbe huku. Ekari kwa ekari, mbele ya mashahidi, na chai na mandazi juu yake.

Mama alilipenda wazo lenyewe. Kilichomtia wasiwasi ni ukubwa, kwa sababu shamba lile lilikuwa chakula chake na cha wadogo zangu mwaka mzima, na lilitosha barabara bila kubaki. Mshahara wangu wa mwanzo, kusema ukweli, ulikuwa unaishia kwenye baiskeli na mashati.

Kwetu kila mtu anajua kwamba ekari ni hatua sabini kwa sabini. Mtu anaweza asijue kusoma lakini hilo atakuambia. Mama alilijua hilo pia, ila shamba lake alilipima kwa mbegu. Lilimeza gorogoro tano za mahindi, gorogoro likiwa lile kopo la bati tunalopimia nafaka huku mpakani. Likimeza tano, ni lile lile. Likimeza pungufu, kuna kona mtu amekuibia.

"Shemeji, tungoje mvua," alimwambia baba mdogo. "Nipande kwako msimu mmoja, nione linameza ngapi. Tukiona ni sawa, tutabadilishana."

Baba mdogo alisema dhahabu haingoji mvua. Kisha akanigeukia. "Si tuna mwalimu hapa? Mura, pima wewe." Mura kwetu ni kijana.

Ningekuwa na akili ningesema ngoja nifikirie. Badala yake nilisimama, nikakung'uta suruali, nikamweleza mama mbele ya wageni kwamba mbegu si kipimo. Nilimwambia mbegu zinategemea mkono wa mpandaji, njaa ya ndege na mambo mengine matatu ambayo siyakumbuki, kwa kuwa niliyatunga palepale. Mama alinitazama kwa fahari kabisa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Hakuelewa nusu ya nilichosema na alifurahi kwamba hakuelewa.

Shamba la mama nililipima asubuhi. Lilikuwa mraba safi, baba alilipima kwa miguu yake mwenyewe: sabini, sabini, sabini, sabini. Wiki iliyofuata tukaenda Susuni, mama, baba mdogo, mashahidi wawili na mimi na rula yangu, ambayo haikuwa na kazi yoyote pale.

Shamba la baba mdogo lilikaa kwenye mteremko. Chini lilipakana na kijito, juu na njia ya ng'ombe, na mpaka wa juu ulikuwa umesogea kando sana kuliko wa chini, kwa hiyo shamba zima lilikuwa limesukumwa upande, kama kreti tupu la soda lililolegea misumari. Majani yalinifika kiunoni. Nilipiga hatua kando ya kijito: sabini. Nikapanda mpaka wa upande kwa mshazari: sabini. Njia ya ng'ombe, sabini. Nikashuka upande wa pili nikihema, sabini. Niliinua mikono kama refa.

"Ekari moja," nikatangaza. "Sawa kwa sawa."

Mama alikuwa amesimama chini kijitoni, ameweka mkono juu ya macho. "Mwalimu," akasema taratibu, "mbona limelala?"

Nakumbuka nilicheka. "Mama, hata mtu akilala hapungui urefu. Pande ni zilezile."

Mashahidi walicheka pia, na mmoja alisema elimu ni kitu kizuri. Baba mdogo hakucheka, alikuwa anatafuta chai. Sidhani kama alijua. Alikuwa amelirithi shamba lile na kulisahau, na alikuwa ameniamini mimi kama wengine wote.

Sasa sikiliza. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimefundisha darasa la sita eneo la msambamba kwa muda wa wiki nzima. Nilikuwa nimepiga kelele kwamba usizidishe upande kwa upande, umbo likiinama eneo linapungua ingawa pande hazijapungua, tafuta kimo, kimo ni kile kinachosimama wima juu ya kitako. Kuna mtoto nilimrudisha ubaoni mara nne kwa kosa hilohilo. Lakini msambamba wa ubaoni ulikuwa na mistari ya chaki na herufi kwenye kona. Huu wa Susuni ulikuwa na majani na upupu, na mimi sikuutambua.

Mvua za masika zilipoanza mama alihamia kwangu na wadogo zangu. Siku ya kupanda alitoka na gorogoro tano ndani ya kikapu. Nilikuwa nasahihisha madaftari barazani aliporudi saa tano, mapema mno. Aliweka kikapu chini, akachukua kopo, akapima zilizobaki mbele yangu. Zilijaza kopo moja. La pili likakosa kidogo tu kujaa.

"Pengine umepanda mbalimbali," nikasema.

"Pengine," akasema mama.

Nilingoja aingie ndani, kisha nikachukua kamba nikaenda mbio shambani. Safari hii nilivuta kamba wima kutoka kijitoni hadi njia ya ng'ombe, nikahesabu hatua. Arobaini na tano. Nikahesabu tena, nikitumaini kwamba miguu yangu imekosea, maana miguu nilikuwa tayari kuilaumu. Arobaini na tano. Sabini mara arobaini na tano, badala ya sabini mara sabini. Zaidi ya theluthi moja ya shamba la mama haikuwapo, wala hakuna aliyeiiba. Niliitoa mimi mwenyewe, kwa sauti ya juu, mbele ya mashahidi. Nilikaa kwenye jiwe nikalia kidogo, na upupu ukaniwasha.

Jumamosi nilipanda baiskeli hadi Matongo na mchoro mfukoni. Baba mdogo aliutazama mchoro, akanitazama mimi, akanipeleka kuona shamba. Pale baba alipokuwa akipiga hatua zake palikuwa na shimo, na kando yake shimo jingine, na udongo mwekundu katikati. "Nikurudishie nini, mura?" aliniuliza, na aliniuliza kwa huruma. Nilirudi Susuni nikiikokota baiskeli sehemu kubwa ya njia. Nilimweleza mama yote, kitako na kimo. Alisikiliza hadi mwisho, akasema amesikia, akaenda kuchota maji.

Mahindi yale yalivunwa machache, ikaonekana wazi kwamba hayatafika mwaka, na kuanzia hapo mashati yangu yalikoma. Mama alikuwa anasema ameshiba akiwa amekula matonge matatu. Ndipo siku moja mzazi mmoja, mama wa mtoto wa darasani kwangu, alinisimamisha njiani kunipa pole ya mgongo.

"Mgongo upi?"

"Wa mama yako. Alitwambia tangu wakati wa kupanda kwamba alilitaka shamba dogo mwenyewe kwa sababu ya mgongo. Ametwambia wote, mpaka kanisani."

Mama hakuwa na mgongo mbovu. Alikuwa anapanda mlima ule na debe la maji kichwani akiimba. Nilimkuta uani anapepeta dengu, nikamuuliza kwa nini anawadanganya watu wazima, tena kanisani.

Hakuacha kupepeta. "Watoto wao si wako darasani kwako?" akasema. "Shamba limeshakwenda. Nipoteze na mwalimu?"

Sikulala vizuri. Asubuhi niliingia darasani, nikachora ubaoni kijito, njia ya ng'ombe na pande nne za sabini. Darasa zima lilipata jibu. Kisha nikawaambia shamba lile ni la nani, lipo wapi, na mwalimu gani alilipima akasema ni ekari. Wakacheka sana, na yule niliyemrudisha ubaoni mara nne alicheka kuliko wote, kwa haki yake. Kufikia mchana Susuni nzima ilikuwa na habari. Mama alininunia siku tatu. Alikuwa ameificha aibu yangu kwa miezi mitano, na mimi nilikuwa nimeivunja kazi yake yote kwa kipindi kimoja cha dakika arobaini.