Kufuli la Shangazi Salome

Mlio wa kufuli la Shangazi Salome ninaukumbuka vizuri kuliko hata sauti yake mwenyewe. Lilikuwa kufuli kubwa, zito, na akilifunga lilisema "ta!" kavu, halafu alilivuta mara mbili kuhakikisha, nalo likagonga ubao wa mlango kama mtu anayebisha hodi. Pale Keko kelele zilikuwa haziishi. Mafundi seremala walianza na randa na misumeno asubuhi, vumbi la mbao likatua mpaka kwenye chai, lakini mlio ule nilikuwa nausikia hata nikiwa uani nasuuza vikombe. Nikiusikia tu nakimbia, maana yake tunatoka, tunapeleka vifuniko vya makochi kwa mafundi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya shangazi, kushona vifuniko vya makochi, na chumba chake kilinukia sponji mpya na mafuta ya cherehani. Mpaka leo nikipita duka la fenicha napunguza mwendo.

Alikuwa dada yake baba, hakuolewa, na alipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Bi Zuhura. Sisi tulikuwa tunakaa Segerea, na kila likizo nililetwa kwake na begi langu. Ufunguo wa kufuli aliufunga kwenye pindo la khanga, hata akilala. Wapangaji wenzake walimtania sana. "Salome, umeficha dhahabu humo?" Naye anawajibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Nimemficha mumeo, pita taratibu utamwamsha." Uani wote wanacheka. Kwangu mie alisema kwa sauti nyingine, "Neema, sina mume, sina kiwanja, ila nina mlango wangu. Nafunga mwenyewe, nafungua mwenyewe." Kila asubuhi alifungua dirisha na kuanika mablanketi juani, akisema chumba kisichopata hewa kinaota ukungu. Mie nilikuwa nalala chali kitandani pake nikipanga nyumba yetu ya baadaye, mimi na yeye, yenye madirisha kila upande, na yeye ananiuliza rangi za mapazia kama vile fundi anakuja kesho.

Likizo moja nilipokuwa darasa la tano, miguu yake ilishindwa kukanyaga cherehani. Tumbo lilikuwa limevimba, uso umekonda. Akalazwa. Siku baba alipoitwa na daktari alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu. Nilielewa kwamba ni vibaya kwa sababu ya vile viatu.

Haikupita muda, Bi Zuhura akaja mwenyewe mpaka Segerea, amejifunga mtandio vizuri kama anaenda msibani. Mama akamkaribisha chai, hakuigusa. "Baba Neema, mie simfukuzi Salome. Mungu anaona. Ila kodi yake inaisha, na kuna mtu anakitaka chumba. Niambieni nyie, nimwambieje?" Baba aliangalia chini, kisha akasema tutakiachia. Hospitali ilikuwa inahitaji kila alichokuwa nacho. "Akitoka atakuja kukaa hapa kwetu," akasema. Kisha akarudia, "Akitoka." Nikatamani mtu amwambie aache.

Shida ikawa ufunguo. Ulikuwa bado pindoni mwa khanga, wodini.

"Si umwombe tu?" mama akasema.

"Nimwombe nimwambieje? Nikimwomba ule ufunguo nimeshamwambia."

Kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwomba, tulikwenda Keko bila ufunguo. Fundi Athumani, seremala wa ng'ambo ya barabara aliyekitengeneza kile kitanda, alivuka na bisibisi yake. Hakuvunja. Alifungua skrubu moja moja, akaling'oa komeo zima mlangoni, kufuli likiwa limejifunga vilevile, linaning'inia. Akanikabidhi. "Shika, bibi. Usilipoteze, mwenyewe ataliulizia." Akageuka upesi akaingia ndani kukifungua kitanda. Wapangaji walisimama uani wakitazama, hata wale wataniaji. Cherehani ilitoka, makapu yakatoka, mbao za kitanda zikatoka. Mpangaji mpya, dada mmoja aliyekuja na godoro lake, alisimama ukutani akiangalia vidole vya miguu yake kama mtu aliyekutwa anaiba. Chumba kilipobaki kitupu kilikuwa kidogo sana. Sikuamini kwamba tulipanga nyumba nzima humo ndani.

Jumapili tukaenda wodini. Baba alitoka kufuata dawa, nikabaki na shangazi. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu." Alihangaika na pindo la khanga muda mrefu, vidole havina nguvu, mpaka akalifungua kwa meno. Akautoa ufunguo akauweka kiganjani mwangu.

"Kesho pita Keko. Kafungue dirisha. Blanketi lile la bluu uliweke juani. Ukimaliza funga, halafu?"

"Navuta mara mbili."

"Ndio mwanangu." Akavifumba vidole vyangu juu ya ufunguo, akaniangalia sana, akafumba macho. Kama alijua, sijui. Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Hakutoka. Shule zilipofunguliwa tulikuwa tumeshamzika.

Sasa mie ni mtu mzima na nimepanga chumba changu Kinyerezi. Bado napanga madirisha kichwani, siwezi kuacha, watu wananicheka. Mlango wangu una kitasa kisichotoa mlio wowote, na ufunguo wa pili anao mwenye nyumba. Nikitoka hakuna anayenisikia. Zamani nilidhani siku ile tulihamisha vyombo tu. Sasa kila nikifunga mlango asubuhi najua tulichomfanyia, na najua pia baba hakuwa na njia nyingine, na kujua yote mawili hakujanisaidia kitu.

Lakini ile Jumatatu, baada ya kupewa ufunguo, mama alipokwenda sokoni, nilitoa kufuli chini ya kitanda nikaenda nyuma ya nyumba. Blanketi la bluu lilikuwa kwetu tayari, nikalitandaza juu ya kamba. Nikaingiza ufunguo, kufuli likafunguka. Nikaliweka ukutani likiwa wazi, juani, nikakaa pembeni yake mpaka kivuli kikatufikia. Kisha nikakunja blanketi, nikalifunga kufuli. Ta. Nikalivuta mara mbili.