Taya Langu na Shamba la Nkololo

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ndiye aliyenipeleka kung'olewa jino zima. Nasema bila kumung'unya maneno, na sijamsamehe mpaka leo.

Ilikuwa baada ya msiba. Nilikaa chini wiki nzima nikishika tama, shavu limelalia kiganja, kama wanavyokaa wafiwa wote kwetu Nkololo. Matanga hayajapoa, shemeji akaingiza ng'ombe na plau kwenye shamba la pamba aliloniachia mume wangu. Nikatoka kumuuliza. Akanijibu bila kusimamisha ng'ombe kwamba shamba ni la ukoo, mimi nimekuja tu. Nikauma meno. Tangu siku hiyo nikawa nayauma mchana, na usingizini nayasaga, mpaka shavu la kulia likaanza kuniuma karibu na sikio. Nikitafuna, ndani kunalia ka, ka. Asubuhi naamka kichwa kizito.

"Hilo ni jino," shemeji akasema. "Jino likiuma, dawa yake kung'oa."

Akanipakia kwenye pikipiki mpaka kwa mtu mmoja wa mnadani mwenye koleo. Likatoka gego jeupe, halina hata tundu. Maumivu yakabaki palepale. Shamba nalo likabaki kwake. Na kwa kuwa nilikuwa nashinda kwenye vibarua vya palizi, chakula changu kilikuwa michembe, viazi vile tunavyovikata na kuvianika. Nilikuwa naitafuna mikavu hivyohivyo, migumu kama vigae.

Mwishowe taya likagoma. Mdomo ukawa hauingii zaidi ya vidole viwili, na maneno yanatoka nusunusu. Wazee wa ukoo walikuwa wameshapanga siku ya kusikiliza habari ya shamba. Shemeji akapita nyumba kwa nyumba akisema marehemu amenifunga mdomo kwa sababu nadai kisicho changu. Watu wenye akili zao, wanaokaa viti vya mbele kanisani, wakaamini. Nikajua nikienda kikaoni nikashindwa kusema, shamba limekwenda, na wanangu watalima vya watu kama mimi.

Nikaenda hospitali, Bariadi mjini. Daktari wa meno alikuwa binti mdogo aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Hakuanza na meno. Aliniwekea vidole mbele ya masikio, akaniambia, "Fungua taratibu, mama. Funga." Akausikia ule mlio. Akatazama ulimi wangu, pembeni una alama za meno. Aliponibonyeza shavu, machozi yakanitoka.

"Pole, mama. Hili halikuwa jino hata siku moja. Ni kiungo cha taya kimechoka. Unauma meno?"

"Mchana na usiku."

"Una hasira na nani?"

Nikamweleza yote. Hakucheka. Akanipa dawa ya maumivu, akaniambia nile uji, wali uliolainika na mlenda, michembe niiache kabisa. Nikande shavu kwa kitambaa cha maji ya moto. Midomo nifunge, lakini meno yasigusane. Nifanye zoezi la kufungua mdomo polepole bila kuulazimisha. Na nisishike tama tena.

"Na hasira je?" nikamuuliza.

"Itafutie pa kukaa, mama, ila si kwenye taya."

Nikaiweka kiporo. Kila nikikanda shavu nilikuwa nayapanga maneno ya kikaoni, moja baada ya jingine, na kila wiki mdomo ukafunguka zaidi kidogo.

Siku ya kikao shemeji alichinja beberu mzee. Mbele ya wote akanichagulia pande lenye kano, akasema, "Kula, shemeji," akabaki ananitazama mdomoni. Nikala ugali na mlenda, nyama nikamrudishia kwenye sahani yake. Kisha mzee wa ukoo akasema, "Mayu, mama yetu, tunakusikiliza."

Nikafungua mdomo. Nilieleza lile shamba tulivyoling'oa visiki na mume wangu, nani alikuja kutusaidia na nani alikuwa amelala, na yeye alivyoingiza plau kabla machozi hayajanikauka. Nikaeleza na lile gego. Hakuna aliyenikatisha. Wakati nasema nilikuwa namwangalia yeye: chini ya sikio lake kinundu kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Nilikijua kinundu kile. Jioni wazee wakanirudishia shamba.

Palizi ya msimu uliofuata, shemeji akasimamisha pikipiki kando ya shamba langu. Ameshika tama.

"Shemeji, kuna jino linanitesa. Nikitafuna linalia hadi sikioni, asubuhi kichwa hakinyanyuki. Hivi wewe ulipona kwa dawa gani?"

Nikasimamisha jembe, nikamtazama vizuri. Roho yangu ilikuwa baridi kabisa.

"Jino likiuma, shemeji, dawa yake kung'oa."

Akanishukuru, akageuza pikipiki kuelekea mnadani. Mimi nikarudi kwenye mstari wangu wa pamba, midomo imefungwa, meno hayagusani.