Sponji ya Inchi Mbili

Wanawake wanaosubiri viti vyao kwa fundi makochi hukalia makochi ya wenzao na kupiga soga. Siku hiyo soga ilifika kwenye damu ya kwanza. Mmoja alidhani anakufa, akamgawia mdogo wake viatu. Alipopona, mdogo mtu akakataa kuvirudisha. Mwingine shangazi yake alimwambia, "Sasa jihadhari," basi. Mwaka mzima akajihadhari na kila kitu, hata mbuzi.

"Na wewe, fundi?"

Fundi alitema misumari kiganjani.

Alipokuwa msichana, nyumba yao ilikuwa na ukimya wa nyumba iliyozika mama mapema. Yeye alikuwa golikipa wa mpira wa mikono, na jioni ile ndiyo fainali. Akajifungia chumbani, akasema hachezi.

"Unaumwa?" baba yake aliuliza mlangoni.

"Hapana. Ni mambo ya kike, baba."

Punde akasikia cherehani inaunguruma. Baba alikuwa fundi makochi, na kwa tatizo lolote la dunia alijua dawa moja.

"Fungua kidogo, mama."

Akapenyeza sponji iliyovikwa pamba, imeshonwa mara mbili, ina mkanda pembeni na kamba nne za kufungia.

"Baba, hii ni ya kochi."

"Ya kochi ni inchi nne. Hiyo mbili."

Binti alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka mlango ukafunguka wenyewe.

Alidaka jioni nzima akitembea kama bata. Kila alipoanguka, aliangukia makalio, wala hakuumia. Walishinda. Tatizo ni baba, aliyesimama kando ya uwanja na sponji ya akiba kwapani, akamwita mbele ya watu wote: "Imekaa sawa, au nipunguze upande?"

Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Kochi.

Wanawake walicheka hadi springi moja ikalia. Pembeni, mzee mwenye miwani mizito aliacha kuchambua vipande vya vitambaa.

"Wanacheka nini?"

"Kazi yako, baba."

"Sofa ya mwalimu?"

"Ile ya fainali."

Mzee alitafakari sana, kama mtu anayekumbuka deni.

"Ile ilitaka inchi moja," akasema. "Ila ulikuwa unalia, mama. Nikaongeza."