Makoti Yasiyonuka

Asiyewahi kufungua begi la mtu aliyeshuka Ruwenzori baada ya siku saba za mvua asinisimulie habari za kinyaa. Mimi nimewapikia wapanda mlima miaka kumi na tisa, mpaka magoti yakakataa, na hadi leo begi la namna hiyo likifunguliwa nageuza uso. Soksi zimegandana. Gambuti zina tope jeusi la kinamasi lililochacha humo ndani kama pombe ya ndizi ya juzi. Sweta zina jasho, moshi wa kuni na matapishi ya mtu aliyeshindwa na kimo cha mlima. Mzigo huo wote ulimwagwa uani kwa Mbambu, mke wa ndugu yangu Thembo, naye aliufua kwa mikono yake.

Alijifunga kitambaa puani, akashika fimbo, akaanza kuchambua. "Shemeji, binadamu ni uchafu," aliniambia siku moja, ameinua soksi kwa ncha ya fimbo, mbali na mwili wake. "Mungu alimfunika ngozi ili tusione mengine."

"Hiyo ya nani?"

"Ya daktari wa meno. Ana digrii mbili."

Kwa kufua huko akazijua nguo kuliko kiongozi yeyote wa mlima. Wageni walipofika asubuhi kwenye lango la kupandia mlima, viongozi walimwita awakagulie mizigo, na ukaguzi wake haukuwa na haya. Alimwaga begi zima juu ya mkeka mbele za watu, nguo za ndani na zote. Nilikuwa nimeshafungua kibanda changu cha chai mkabala na lango, kwa hiyo nilijionea mwenyewe.

"Hii nini?" alimuuliza kijana mmoja wa Kampala.

"Jinzi, mama."

"Ikilowa huko juu utaibeba wewe au umeleta punda?"

"Lakini nzito, inazuia baridi."

"Inazuia baridi ya sokoni. Weka pembeni. Na hizi fulana za pamba, pembeni. Pamba ni ya kanisani, baba. Ikishalowa inakunyonya joto lote, haikauki mpaka urudi kwa mama yako. Soksi za sufu unazo?"

"Jozi moja."

"Katafute ya pili. Moja ya kutembelea: hata ikinuka, hata ikichuruzika maji, asubuhi unaivaa hivyo hivyo mbichi. Nyingine ya kulalia tu, uifunge ndani ya mfuko wa nailoni. Hiyo ya kulalia, hata malaika akikuomba, usimpe."

Mzungu mmoja alimwekea mbele viatu vya ngozi vya bei ya ng'ombe. Mbambu alivigeuzageuza, akausifu mshono. "Viatu vizuri kabisa," akasema. "Utavivaa kwenye ndege ukirudi kwenu. Huku vaa gambuti, namba moja zaidi ya mguu wako, upate nafasi ya soksi nzito." Mzungu alicheka, akaondoka na viatu vyake. Alishuka siku ya nne akiegemea watu wawili, na viatu vilipofika uani vilikuwa vimefumuka pande zote na vimeota kuvu ya kijani.

Sasa nifike kwenye makoti, maana kinyaa chenyewe kiko hapo.

Mgeni alikaguliwa mpaka chupi, lakini mpagazi aliyembebea mzigo hakuna aliyemuuliza amevaa nini. Wapagazi wetu walipanda na sweta za mtumba zilizotoboka viwiko, na mvua ikija walijitia nailoni iliyokatwa tundu la kichwa. Tulijisifu kwa hilo, sisi Wakonzo. Tulisema mlima ni wetu, unatujua. Mpaka mwaka mmoja mlima ukamsahau mmoja wetu, akafa kwa baridi ameketi na mzigo mgongoni. Ndipo chama cha wapagazi cha kijiji kikaweka sharti: hakuna mpagazi kuvuka lango bila koti la mvua, sweta na gambuti. Mzee Masereka, mpagazi mstaafu, akapewa daftari na kazi ya kukagua.

Bwana Muhindo, mwenye kampuni ya kupandisha wageni, akanunua makoti kumi na mawili ya manjano, mazito, ya mpira safi. Aliyagawa langoni kwa hotuba. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, na nilipiga kwa nguvu, kwa sababu Bwana Muhindo ndiye aliyewanunulia wapagazi wake wote chai na chapati kibandani kwangu kabla ya kila safari.

Kila msafara uliposhuka, makoti yaliletwa kwa Mbambu pamoja na takataka nyingine. Mwaka mzima aliyafua bila kuyafikiria. Ndipo Novemba moja, mvua imepiga wiki nzima bila kupumua, akaniita uani.

"Shemeji, njoo unuse."

"Ninuse nini? Nimetoka kula sasa hivi."

"Nusa, nakwambia."

Nikainama juu ya koti la manjano huku nimebana tumbo. Lilinuka sabuni.

"Sabuni yangu," alisema Mbambu. "Ya kufulia ya mara iliyopita. Tazama sweta zao hizi, zinatoa maji kama mto. Sasa koti lililovaliwa juu ya sweta likae kavu, lisiwe hata na tone la tope? Nieleze, wewe umekaa huko juu."

"Labda mipira ya siku hizi imekuwa mizuri," nikasema.

Nilidanganya. Nilijua kilichokuwa kikitendeka, na nilikuwa nimenyamaza tangu siku ya kwanza. Kujua ni kitu rahisi kwa mtu mwenye kibanda mbele ya lango.

Jioni ile ile wakamshusha Kule, mtoto wa dada yake Mbambu, amebebwa kwenye machela ya miti. Asubuhi yake tulikwenda kumwona. Alikuwa kijana wa kubeba gunia la kahawa huku anapiga mluzi. Tulimkuta amekunjamana kitandani, anatetemeka chini ya mablanketi matatu, kila pumzi inakwaruza. Mikono yake ilikuwa imekunjana na kuwa myeupe kama muhogo uliolowekwa. Mabegani kamba za mzigo zilikuwa zimesaga ngozi iliyolowa mpaka ikatoka, na mahali hapo palikuwa pameanza kutunga usaha. Mganga wa zahanati alisema pafu moja limeharibika, na mzigo hataubeba tena maishani. Ana miaka ishirini na minne.

Mbambu hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kule, mwanangu, ulivuka lango umevaa koti. Nililifunga vifungo mwenyewe. Lilikwenda wapi?"

"Mama mdogo, achana nayo."

"Lilikwenda wapi?"

"Linaishia darajani, pale juu ukishavuka lango." Akakohoa kwa muda mrefu. "Mtu anatusubiri hapo na gunia. Unavua, unapewa pakiti ya sigara, unaendelea. Makoti yanateremshwa yakavalishwe kundi jingine. Ni yale yale kumi na mawili, kila wiki yanavuka lango mara mbili."

"Na ninyi mnavua tu? Mvua inanyesha mnaitazama?"

"Koti zito, mama. Na asiyevua haitwi tena safari nyingine. Halafu wenzako wanakucheka, wanakuuliza mvua ya kwenu umeanza kuiogopa lini."

"Nani huyo mwenye gunia?"

Kule akageukia ukuta. Dada yake Mbambu, aliyekuwa anakoroga uji, akatazama chini. Mimi nikatazama mlango.

"Ni baba mdogo," akasema Kule.

Baba mdogo ni Thembo. Mume wake. Mwaka ule wote Thembo aliaga kwamba anapanda mlima, na siku ya saba akarudi nyumbani na soksi zisizo na tope. Kumbe siku zote hizo alilala katika stoo ya Bwana Muhindo mjini Kasese akicheza karata. Na Mbambu, maskini, alikuwa amejisifu kwa wanawake wenzake kisimani kwamba mume wake amekuwa mtu msafi uzeeni. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa anakifua.

Tulipotoka nje alitapika kando ya ukuta. Akajifuta. "Uchafu nimeuzoea, shemeji," akasema. "Huu sijauzoea."

Keshokutwa yake msafara mwingine ulikuwa unaondoka, wapagazi kumi na wawili, na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Mbambu aliyaleta makoti langoni mwenyewe, amejitwisha. Wanaume wakayavaa. Walikuwa wameshakunywa chai yangu. Bwana Muhindo alisimama pale na mwavuli wake, anacheka na wageni. Thembo, aliyekwenda kama msimamizi asiyebeba mzigo, alikuwa nyuma ya hao kumi na wawili.

Mzee Masereka alipofungua daftari, Mbambu akamshika mkono wa koti mtu wa kwanza, akausogeza usoni mwa mzee.

"Mzee, nusa."

"Nini tena, mama?"

"Nusa koti. Hili limekwenda mlimani zaidi ya mara arobaini."

Mzee akanusa. "Safi."

"Ndiyo, safi. Wewe ulibeba mizigo miaka thelathini. Ulirudi hata mara moja unanuka sabuni?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akalinusa la pili, akalinusa la tatu, na nikaona uso wake unabadilika.

"Huyu mama amekunywa nini asubuhi hii?" aliuliza Bwana Muhindo. "Tunakaguliwa nguo au tunanuswa kama nyama buchani? Mzee, andika, tunachelewa."

Mbambu akapita katikati ya wanaume, akafika kwa mume wake, akatia mkono chini ya shati lake na kuvuta gunia tupu lililokunjwa vizuri.

"Baba Biira, hili la nini? Unakwenda kuchimba viazi kileleni?"

"Twende nyumbani tukaongee," Thembo alinong'ona.

"Tuongee hapa. Wanavua makoti darajani, Mzee. Huyu anayakusanya, anayarudisha. Kule amelala kitandani anatema damu kwa ajili hiyo."

"Uongo," alisema Bwana Muhindo. "Nani aliyeona? Ninyi, mnavua makoti?"

Wapagazi kumi na wawili wakatazama gambuti zao. Mmoja akasema, "Mama, unatuharibia kibarua." Mwingine akatema mate kando. Hao ndio aliokuwa anawatetea.

Mzee Masereka akauliza kwa upole kama kuna shahidi mwingine. Hapo Mbambu akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinigeukia kama mtu anavyogeukia ukuta wa nyumba yake kuegemea.

"Shemeji, kibanda chako kinatazama njia. Kila safari Thembo anashuka hapa siku ile ile, na gunia limejaa. Umemwona au hujamwona?"

Nilikuwa nimemwona kila mara. Alikuwa akisimama kwangu na gunia mgongoni, nami nikimmiminia chai, naye akisema, "Mpishi, hukuniona," tunacheka wote wawili.

Bwana Muhindo aliniangalia. Hakukunja uso, hakunitisha. Aliinua tu kikombe cha chai yangu alichokuwa ameshika, akanywa kidogo.

"Mimi naangalia chai yangu," nikasema. "Ya njiani siyajui."

Mzee Masereka akasubiri kidogo, labda nitaongeza neno. Akaandika majina, akafungua lango.

Mbambu hakunitukana. Alijitia nailoni ile ile ya wapagazi, ya tundu la kichwa, akavuka lango mbele yao, akashika njia ya daraja. Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye na mpagazi aliyekuwapo, na alinisimulia kwa hasira, kana kwamba ameonewa. Walimkuta ameketi juu ya jiwe pale pale Thembo anaposubiri. Mvua ilikuwa inampiga usoni.

"Vueni," aliwaambia. "Sizuii mtu. Lakini atakayevua, kesho naanza na mama mkwe wake. Nitamweleza binti yake ameolewa na mtu anayeuza uhai wake kwa pakiti ya sigara. Halafu namfuata mke. Halafu nakwenda kanisani. Vueni basi, nione."

Walimtukana, wakamwita mchawi, wakamwita mwanamke asiye na mume wa kumnyamazisha. Thembo alisimama nyuma ya mti na gunia lake. Lakini hakuna aliyegusa kifungo. Walivuka daraja mmoja mmoja, manjano tupu, wakapanda. Huko juu theluji ilidondoka siku mbili mfululizo, na wote kumi na wawili walirudi kwa miguu yao.

Bwana Muhindo ametafuta mfuaji mwingine. Thembo amehamia mjini moja kwa moja. Mimi biashara yangu inakwenda vizuri, asante. Chai na chapati kama kawaida, na pesa ile ile naipokea kwa mkono huu. Wageni huniuliza wavae nini, nami huwaeleza soksi za sufu na gambuti, kwa maneno ya Mbambu, na kusifiwa nasifiwa.

Yeye hafui tena. Analima muhogo. Lakini siku ya msafara huacha jembe, akaenda kuketi darajani, bila kulipwa na mtu, mpaka mpagazi wa mwisho avuke na koti lake. Njia inapita mbele ya kibanda changu. Juzi alipita mvua inamchapa, nikatoka mpaka barabarani na kikombe kinachotoa moshi, nikamwita, "Mbambu, karibu chai, upate joto."

Alisimama. Aliniitikia kwa adabu, ameinamisha kichwa kidogo kama anavyofanya kwa wakubwa wa kampuni.

"Asante, bwana," akasema, akapita.

Bwana! Mimi niliyebeba mahari yake.